Gari zito linakamata barabara? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu uzito na kona

Nafundisha udereva hapa Kigoma mjini. Kabla ya hapo nilikuwa barabarani: kwanza Probox, kisha Hiace ya Kasulu, mwisho Fuso ya chumvi ya Uvinza. Maswali haya nimeyaokota darasani, kijiweni Mwanga na kwa madereva wanaonipigia simu jioni. Karibu yote yanazunguka imani moja, kwamba gari likishiba mzigo "linatulia", kwa hiyo kona unaingia bila wasiwasi. Imani hiyo ni kweli nusu. Nusu iliyobaki ndiyo inayolaza magari mtaroni.

Mwendo nilioutaja humu ni wa hesabu, kwa ajili ya kuelewa. Usiuchukue kama ruhusa.

## Mambo ya msingi

Gari zito linashika barabara zaidi kuliko jepesi?

Linashika zaidi, ila halipati faida yoyote kwenye kona. Tairi hushika barabara kwa msuguano, na msuguano hukua kadiri tairi linavyokandamizwa chini. Pakia mzigo, tairi linakandamizwa, mshiko unapanda. Hapo watu wa kijiweni wako sahihi.

Wanachosahau ni kwamba mzigo uleule hautaki kupinda. Wewe unazungusha usukani, wenyewe unataka kunyoosha moja kwa moja hadi kwenye migomba ya watu. Ili gari lipinde, matairi lazima yalivute kuelekea ndani ya kona, na gari lenye uzito mara mbili linadai mvuto mara mbili. Kwa hiyo ulichoongezewa kwa mkono mmoja umenyang'anywa kwa mkono mwingine.

Unaweza kunionyesha bila hesabu?

Tafuta ubao wa kama mita moja na matofali mawili ya kuchoma. Laza tofali moja kwenye ubao, inua ncha moja polepole, na uweke alama ya chaki ukutani pale tofali linapoanza kuteleza. Sasa lifunge tofali la pili juu ya lile la kwanza kwa mpira wa tyubu, urudie. Uzito umekuwa mara mbili, lakini yatateleza kwenye alama ileile, au jirani yake kabisa. Nimefanya jaribio hili na wanafunzi mara nyingi, na kila darasa lina mtu anayeomba kuinua ubao mwenyewe kwa sababu anadhani namchezea shere.

Usiyatupe matofali. Tutayahitaji kwenye swali la keria.

Basi ni nini kinachopanga mwendo wa kona?

Ukali wa kona, hali ya barabara na tairi, na mwendo wako. Uzito haumo.

Chukua kona ambayo ukiichora yote ingekuwa duara lenye nusu kipenyo cha mita 50. Kwenye lami kavu na tairi nzima, mshiko unaisha kwenye kama kilomita 71 kwa saa. Lami hiyohiyo ikilowa, unaisha kwenye 56 hivi. Ukiwa kwenye changarawe iliyolegea, 47. Hesabu hiyo haikuulizi umepakia nini.

Kinachouma zaidi ni mwendo, kwa sababu hitaji la mshiko halipandi sawa na mwendo, linapanda kwa mraba wake. Kutoka 60 kwenda 70 mshale unasogea kidogo tu kwenye dashibodi, lakini matairi yanadaiwa mshiko zaidi kwa asilimia 36.

Kwa hiyo Probox na Fuso yenye mzigo zinaweza kupita kona moja kwa mwendo mmoja?

Kwenye karatasi, ndiyo. Barabarani, hapana, na usijaribu. Kuna mambo mawili ambayo jaribio la matofali halionyeshi: tairi la mpira halilipi mshiko sawasawa na mzigo (swali linalofuata), na gari refu kwenda juu hulala kabla halijateleza (swali la keria). Yote mawili yanamwonea aliyepakia.

## Tairi

Kwa nini mshiko wa tairi hauongezeki sawasawa na mzigo?

Mfikirie mpagazi wa zamani wa Tabora. Mpe kilo 20, anakwenda vizuri. Mpe 40, anabeba, lakini hafiki kwa mwendo uleule. Tairi nalo liko hivyo: kilo ya kwanza linailipia mshiko mzuri, kilo ya mwisho linailipia kidogo. Ukilizidishia mzigo mara mbili, mshiko unapanda, ila haufiki mara mbili. Dai la kona, kama tulivyoona, linafika mara mbili kamili.

Jambo hili linakuathiri hata kama hujabeba kitu. Chukua gari la kilo 1,200. Likiwa limesimama, tuseme kila tairi linabeba kilo 300. Likiingia kwenye kona kwa nguvu, uzito unahamia nje: matairi mawili ya nje yanabeba kama kilo 410 kila moja, ya ndani yanabaki na 190 hivi. Jumla bado ni 1,200, lakini yale ya nje yameshafika kwenye kilo zinazolipa vibaya na yale ya ndani yamekaa bila kazi. Gari kwa ujumla limepoteza mshiko. Na uzito unaohama unazidi kadiri gari linavyokuwa zito, mzigo unavyokaa juu, na magurudumu ya kulia na kushoto yanavyokuwa karibukaribu.

Nikipakia sana nipunguze upepo au niongeze?

Ongeza, kufuata kibandiko cha mtengenezaji kilichopo kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Magari mengi ya mizigo yameandikwa namba mbili, ya gari tupu na ya gari lenye mzigo. Tairi lenye upepo mdogo chini ya mzigo linakunjika ubavu kwenye kona, linachelewa kujibu usukani na linachemka. Kupunguza upepo ni dawa ya kukwama kwenye mchanga. Ukishatoka mchangani, jaza kabla hujafika lami.

Zile namba ubavuni mwa tairi zinasema nini kuhusu uzito?

Baada ya ukubwa kuna namba ya mzigo. 82 maana yake tairi moja linaruhusiwa kilo 475, 88 ni kilo 560, 91 ni kilo 615. Zidisha kwa nne, linganisha na uzito wa gari pamoja na kila kilichomo. Usishangae ukikuta umeshapita kabla utingo hajapanda.

Tairi pana linasaidia?

Kidogo kwenye lami kavu, kwa sababu kila kipande cha mpira kinabeba mzigo mdogo zaidi. Kwenye maji yaliyotuama, tairi pana huelea mapema. Tairi jembamba lenye meno ni bora kuliko pana lenye kipara, na hapo sibishani na mtu.

## Kupakia

Mzigo mzito niuweke wapi?

Chini, na katikati ya ekseli ya mbele na ya nyuma kadiri gari linavyoruhusu, kisha ufunge. Chumvi ya Uvinza ilinifundisha hili vizuri kwa sababu ni mzigo mtulivu: mzito, unalala sakafuni, hausogei. Dagaa ni kinyume chake. Gunia ni jepesi, kwa hiyo watu wanajenga ghorofa, na ghorofa lile linapepea kwenye kila kona.

Nikipakia nyuma usukani unakuwa mwepesi na mkia unataka kutoka. Kwa nini?

Usukani unakuwa mwepesi kwa sababu mzigo ulio nyuma ya ekseli ya nyuma unafanya kazi kama bembea la mbao: upande mmoja ukishuka, mwingine unanyanyuka. Mkia nao unataka kutoka kwa sababu matairi ya nyuma sasa yanawajibika kuuvuta uzito mwingi ndani ya kona, na yanalipwa ule mshiko hafifu wa kilo za mwisho.

Nilijifunza hili kwa aibu. Nilikuwa napeleka Kasulu madumu 14 ya mawese, abiria wanne ndani ya Probox. Dumu la lita 20 la mawese ni kama kilo 19 pamoja na dumu lenyewe, kwa hiyo buti peke yake lilikuwa na kilo 266. Kule Japani, Probox ya mizigo huandikishwa kubeba kilo 250 ikiwa na watu watano. Sisi tulikuwa watano. Kwenye mteremko mmoja wenye kona ya kushoto nikaona mbuzi katikati. Mwendo wenyewe haukuwa mkubwa. Kosa langu lilikuwa mguu: niliutoa ghafla kwenye mafuta na kugusa breki, gari likiwa tayari limepinda.

Uzito ukakimbilia mbele. Matairi ya nyuma yakapunguziwa mkandamizo wakati yaleyale yanadaiwa kuyavuta madumu yote. Mkia ukaondoka kulia, taratibu kwanza, kisha kwa haraka, nikasikia madumu yakigongana upande mmoja, na hilo likausukuma mkia zaidi. Tukasimama tukiwa tumekingama upande wa wanaokuja. Hakukuwa na mtu anayekuja. Mbuzi aliondoka kwa miguu yake. Dumu moja lilipasuka, na zulia la ile gari lilinuka mawese mpaka siku niliyoiuza.

Kwa hiyo punguza mwendo kabla ya kona, gari likiwa bado limenyooka. Ukishaingia, shikilia mafuta kidogo na uache mguu utulie. Na funga mzigo hata kama ni mzito. Mzito ndio unaotaka kufungwa kuliko wote.

Keria ya Hiace ina ubaya gani kama uzito wa jumla haujazidi?

Rudi kwenye ubao wa matofali. Safari hii simamisha tofali moja wima, inua ubao. Halitafika kwenye alama ya kuteleza, litaanguka kwanza. Uzito ni uleule, ubao ni uleule, kilichobadilika ni urefu tu. Hicho ndicho keria inachokifanya kwa gari lako.

Tufanye hesabu ya Hiace, kwa namba za kukadiria. Gari tupu tani 2, kitovu cha uzito wake (pale uzito wote unapokuwa kama umekusanyika) sentimita 75 kutoka chini. Upana kati ya magurudumu ya kulia na kushoto, mita 1.45. Weka abiria wa jumla ya kilo 800 ambao kitovu chao kiko mita 1.10. Kitovu cha wote kinapanda hadi sentimita 85. Ukigawa upana kwa kimo cha kitovu kilichozidishwa mara mbili unapata 0.85: mvuto wa kona ukifika 0.85 ya uzito wa gari, gari linalala. Mshiko wa lami kavu, kwenye ile hesabu ya kilomita 71, tuliuchukua kuwa 0.8 ya uzito, kwa hiyo gari hili bado litateleza kabla ya kulala. Kwa mstari mwembamba, lakini litateleza.

Sasa pandisha kilo 300 kwenye keria, mita 2.40 juu. Hayo ni madumu 16 ya mawese, jambo la kawaida kabisa siku ya gulio. Kitovu kinafika mita 1.0 na namba inashuka hadi 0.725. Umevuka mstari. Kwenye ile kona ya mita 50, gari linanyanyua magurudumu ya ndani kwenye kilomita 68 kwa saa, kabla tairi halijapiga kelele ya kukuonya. Na hiyo ni hesabu ya gari gumu kama tofali. Hiace ina springi, inainama upande wa nje, kwa hiyo ya kweli inalala mapema zaidi ya hapo.

Dereva wa gari dogo amezoea kusikia tairi likilia ndipo apunguze. Dereva wa gari lenye keria iliyojaa hasikii kitu.

Semi nazo?

Mbaya zaidi. Semi yenye mzigo uliopanda juu inaweza kulala kwenye 0.35 hadi 0.4 ya kipimo hichohicho. Kwa kona yetu ni chini ya kilomita 50 kwa saa au hapo jirani, kwenye lami kavu kabisa. Ndiyo maana unaiona semi imelala mahali ambapo wewe ulipita na IST bila hata kukumbuka kwamba palikuwa na kona.

Mbona Fuso tupu inaruka kwenye kona na ikipakia inatulia?

Hapa ndipo imani ya kijiweni ilipozaliwa, na ina haki yake. Springi za Fuso zimetengenezwa kwa ajili ya mzigo. Ikiwa tupu ni ngumu mno, kila bonde la barabara ya vumbi linairusha, na gurudumu lililo hewani halina mshiko hata chembe. Ikipakia kiasi, springi zinaanza kufanya kazi na magurudumu yanabaki chini. Kwa hiyo inatulia kweli kwenye barabara mbovu. Lakini kutulia matako ya dereva hakubadilishi hesabu ya kona, na kitovu chake kimeshapanda.

Pikapu yangu tupu inashindwa mlima wakati wa masika, nikiweka mifuko ya saruji inapanda. Huo si ushahidi?

Ni ushahidi wa kitu kingine. Pikapu nyingi zinasukumwa na magurudumu ya nyuma, na zikiwa tupu uzito mwingi uko mbele, kwenye injini. Mifuko minne ni kilo 200 zinazokwenda karibu zote kwenye magurudumu yanayosukuma, kwa hiyo yanapata pa kukanyaga. Probox inayovutwa na magurudumu ya mbele itakuonyesha kinyume: pakia nyuma, na mlima wa matope utakushinda vizuri zaidi. Kwenye kona, matairi yote manne yanadaiwa, na hiyo saruji inadai fungu lake.

## Mvua, changarawe na mteremko

Mvua ya kwanza na ya katikati ya msimu, ipi mbaya?

Ya kwanza. Vumbi na mafuta ya miezi ya kiangazi yanageuka uji juu ya lami. Mvua ikishanyesha kwa nguvu inaviosha, mshiko unarudi kidogo. Uzito haukuokoi katika hali yoyote kati ya hizo.

Kwenye changarawe gari zito si linazama na kushika chini?

Mara nyingine kweli linakata ile changarawe ya juu na kupata udongo mgumu. Lakini kwenye kona tairi linakwenda ubavu, na changarawe chini yake inazunguka kama punje za mahindi sakafuni. Likiteleza kiubavu likakutana na kingo laini au mtaro, linakwama miguu na mwili unaendelea. Magari mengi yanayopinduka hupinduka hapo, pembeni, hata yale ambayo hesabu ya keria inasema hayalali.

Barabara ya Manyovu ina uzito gani wa pekee?

Mteremko. Ziwa letu liko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari, na vilima vya Buhigwe na Kasulu vinapita mita 1,200. Unaposhuka, kila kilo uliyobeba inageuka joto kwenye breki. Probox ya kilo 1,400 ikishuka mita 400 kwa breki tupu inatoa joto la kuchemsha lita 16 za maji kutoka baridi. Fuso ya tani 15 inatoa la lita 175 hivi. Hapa uzito haujifuti: breki zimeshapoteza nguvu huko juu, na kona kali iko chini. Shuka na gia ambayo ungepandia, na uanze nayo kileleni, si pale unaposikia harufu.

Na Tabora, mbona ni tambarare?

Ukitoka Urambo kwenda Kaliua unapita miombo mirefu na barabara iliyonyooka mpaka jicho linasahau mwendo. Baada ya nusu saa kwenye 100, 80 inaonekana kama kutembea. Kisha inakuja kona moja, na nyuma yako kuna marobota ya tumbaku hadi juu. Pale amini mshale, usiamini jicho. Gari la mizigo linalozidi tani 3.5 kisheria ni 80 hata pakiwa pamenyooka.

## Maswali ya pembeni

Kama uzito unajifuta, mbona magari ya mashindano yanahangaika kuwa mepesi?

Kwa sababu ya lile tairi lisilolipa sawasawa, na kwa sababu wana chanzo kingine cha mkandamizo: upepo. Mabawa ya gari la Formula 1 yanalisukuma chini bila kuongeza uzito wa kuvutwa kwenye kona. Tairi linakandamizwa bure. Kadiri gari lilivyo jepesi, ndivyo msukumo huo unavyokuwa na faida kubwa. Mwaka 2022 uzito wa chini ulioruhusiwa ulikuwa kilo 798, na timu zilihangaika kuufikia. Bawa lililobandikwa kwenye buti la IST inayokwenda 60 ni pambo.

Bodaboda?

Pikipiki inajilaza yenyewe, kwa hiyo haihamishi uzito kutoka kulia kwenda kushoto kama gari. Tatizo lake ni gunia la mkaa lililokaa nyuma ya ekseli: gurudumu la mbele linakuwa jepesi. Soma swali la usukani mwepesi, ni habari ileile.

Tanki lililojaa nusu ni salama kuliko lililojaa?

Ni jepesi, lakini si salama. Kimiminika chenye nafasi kinakimbilia upande wa nje wa kona na kupanda ukuta wa tanki, kisha kinarudi kwa kishindo unaponyoosha. Kona mbili za kushoto na kulia zikifuatana, wimbi la kwanza linakukuta kwenye ya pili. Matanki makubwa yana kuta za ndani za kulivunja, ila nyingi zinazuia mwendo wa mbele na nyuma kuliko wa ubavu. Simtanki la maji juu ya Canter halina hata hizo.

Ng'ombe?

Wenzangu wanaopakia Nzega na Igunga wananiambia huu ndio mzigo mgumu kuliko wote. Kitovu chake kiko juu kwa sababu mnyama amesimama, na kinahama kwa sababu ana miguu. Wakiwa wachache ndani ya lori kubwa wote wanasukumwa upande wa nje kwa pamoja, kwa hiyo wanawekwa karibu na kugawanywa kwa vizuizi. Dereva mmoja kati ya wenzangu hao haangalii kabisa mshale kwenye kona. Anafungua dirisha na kusikiliza kwato: zikigonga mbao zote kwa mpigo mmoja, anajua ameingia na mwendo mkubwa.